Shajara ya Mradi: Chanjo ya Surua na Zamu za Madaktari Watarajali kwenye Mpango Mmoja, Mkoa wa Dodoma

Februari, wiki ya kwanza

Mradi umeanza rasmi. Kazi tuliyopewa ni kuandaa mpango wa kina wa kampeni ya chanjo ya surua na rubela kwa halmashauri mojawapo ya vijijini katika Mkoa wa Dodoma, ili kampeni ijayo itakapotangazwa tusianze na karatasi tupu. Tumekubaliana tangu kikao cha kwanza kwamba mpango huu utaonyesha, pamoja na idadi ya chupa, magari na vituo, jina la kila atakayechanja, la kila atakayesimamia, na la kila atakayebaki wodini usiku wakati wenzake wako vijijini.

Sharti hilo la mwisho ndilo lililonifanya nikubali kuandika shajara hii. Kwa kawaida kampeni hupangwa na ofisi ya mratibu wa chanjo, nazo zamu hupangwa na idara za hospitali, kila upande kwa wakati wake. Pande hizi mbili hukutana siku barua ya kuomba watumishi inapofika hospitalini, na mara nyingi siku hiyo huwa imebaki wiki moja au pungufu. Chupa za chanjo huwa zimeshahesabiwa hadi ya mwisho, lakini saa za watu hazijahesabiwa na mtu yeyote. Mimi naamini kwamba saa za watu ndicho kitu adimu kuliko vyote katika kampeni, na kwamba mpango usioanza na wanaobaki kazini haujakamilika hata kama umesainiwa.

Februari, wiki ya tatu

Tumemaliza sehemu ya walengwa. Kampeni ya kitaifa ya Februari 2024 ililenga watoto wa miezi 9 hadi 59, nasi tumetumia umri huohuo. Sababu ya kuwarudia hata watoto ambao kadi zao za kliniki zimejazwa vizuri imebidi ielezwe upya kwa wajumbe wasio wa sekta ya afya, na nimeona ni vema ibaki kwenye kumbukumbu. Mtoto wa Tanzania hupata dozi ya kwanza ya surua-rubela akiwa na miezi 9 na ya pili akiwa na miezi 18. Dozi ya kwanza katika umri huo hujenga kinga kwa takribani watoto 85 kati ya 100, kwa hiyo katika kila watoto 1,000 waliochanjwa mara moja tu, karibu 150 hubaki bila kinga ilhali mama zao wana hakika kwamba jambo limekwisha. Mgonjwa mmoja wa surua anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, na ndiyo maana jamii huhitaji asilimia 95 ya watoto waliopata dozi zote mbili ili ugonjwa usipate njia. Hao wasio na kinga hujilimbikiza mwaka hadi mwaka, na kazi ya kampeni ni kuupunguza mrundikano huo kabla virusi havijaufikia.

Idadi yenyewe ina utata. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 3,085,625 katika Mkoa wa Dodoma, lakini tangu Serikali ihamie hapa watu wanaongezeka upande wa jiji kwa kasi isiyolingana na makadirio: Nzuguni, Nala, Ihumwa na maeneo yanayozunguka Mji wa Serikali Mtumba yana familia changa ambazo kadi za watoto wao zilifunguliwa Dar es Salaam, Mwanza au Mbeya. Vijijini hali ni kinyume chake, kwani kuna vitongoji ambavyo nusu ya akina mama huwa mashambani au kwenye makambi ya mifugo kwa miezi kadhaa. Tumeamua kwamba makadirio ya sensa yatatumika kuagiza chanjo tu, na kwamba idadi ya kupangia watu itatokana na daftari la kila mwenyekiti wa kitongoji likihakikiwa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Kazi ni kubwa zaidi kwa njia hii, lakini mchanjaji anapangwa kwa watoto waliopo.

Machi, wiki ya pili

Wiki hii ndiyo iliyobeba uzito wa mradi mzima, kwa hiyo naiandika kwa kirefu.

Tulichukua kata moja ya mfano yenye walengwa 2,000. Kwa upotevu wa asilimia 10 tunazidisha kwa 1.11 na kupata dozi 2,220, yaani chupa 222 za dozi kumi kumi. Hapo hakuna aliyebisha. Kisha tukahesabu watu. Tukikadiria kwamba mchanjaji wa kijijini anaweza kuchanja watoto 80 kwa siku bila kuharakisha mambo yasiyopaswa kuharakishwa, kwa kampeni ya siku nne anafikia watoto 320, na kata nzima inahitaji wachanjaji 7. Kata hiyo ya mfano ina zahanati mbili, kila moja ikiwa na wataalamu watatu. Jumla ni watu 6. Hata tukiwachukua wote na kufunga milango ya zahanati zote mbili, bado tunapungukiwa na mmoja, na kwa siku nne hakuna mjamzito atakayepokelewa wala mtoto mwenye homa atakayepimwa malaria.

Wajumbe walinyamaza kwa muda baada ya hesabu hiyo kuandikwa ubaoni. Mjumbe mmoja akapendekeza suluhisho lililo rahisi kusemwa: waletwe madaktari watarajali, yaani wahitimu wa udaktari walio katika mwaka wa mazoezi, kutoka hospitali ya wilaya na ya mkoa, kwa kuwa ni vijana, wana nguvu, na wako wengi.

Tukahesabu na upande huo pia. Wodi moja inayohitaji mtarajali mmoja katika zamu ya asubuhi, ya jioni na ya usiku ina zamu 21 kwa wiki. Kila mtarajali akipangiwa zamu tano ili apate mapumziko baada ya usiku, zinahitajika nafsi 4.2, maana yake watu 5, na hapo hakuna anayeumwa wala aliye likizo. Ukiwaondoa wawili kwenda kampeni, watatu wanaobaki wanamudu zamu 15, na zamu 6 hubaki bila mwenyewe. Zamu hizo hazipotei kamwe. Huongezwa kwa walewale watatu, na karibu zote huwa za usiku. Zidisha hali hiyo kwa idara nne kuu ambazo mtarajali huzunguka, yaani magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, na wanawake na uzazi, utaona kwamba pengo limehama kutoka zahanati kwenda wodi ya wazazi saa nane za usiku.

Liko na suala la sheria na taaluma. Mtarajali amemaliza shahada ya udaktari ya miaka mitano, lakini mwaka wake mmoja wa utarajali anaufanya kwa usajili wa muda wa Baraza la Madaktari Tanganyika, na anatakiwa kufanya kazi chini ya usimamizi. Kumweka peke yake kwenye timu ya kijijini, kilomita nyingi kutoka kwa daktari aliyesajiliwa kikamilifu, ni kumtwika dhamana ambayo bado hajakabidhiwa. Na kuchoma sindano ya chanjo chini ya ngozi ni kazi ambayo muuguzi wa zahanati anaifanya kila wiki kwa ustadi unaomzidi mtarajali ambaye huenda aliifanya mara chache tu akiwa mwanafunzi.

Uamuzi wa kikao: mtarajali hatahesabiwa kama mchanjaji katika mpango huu.

Machi, wiki ya tatu

Kama mtarajali haendi, wachanjaji watatoka wapi? Tumekubaliana hivi. Katika kila zahanati ya watumishi watatu abaki mmoja, bila ubishi, na jina lake liandikwe kwenye mpango kabla ya majina ya wanaotoka. Kata ya mfano inatoa basi wachanjaji 4. Watatu waliopungua watafutwe kwa wauguzi wastaafu wanaoishi ndani ya halmashauri ambao leseni zao za Baraza la Uuguzi na Ukunga ziko hai, au ambao bado kuna muda wa kuzihuisha. Nafasi za waandishi wa kumbukumbu, ambazo huko nyuma zimekuwa zikimeza wataalamu bila sababu, zijazwe na wanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa mwisho. Dodoma haina uhaba wa vyuo: Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana vinafundisha wauguzi, na kuna vyuo vya kati pia, kikiwamo cha Mvumi.

Mjumbe aliuliza kama kuna mahali pengine walipofanya hivyo. Uingereza, ilipojiandaa kwa chanjo ya UVIKO-19, ilibadilisha kanuni zake za dawa mwezi Oktoba 2020 ili watu wasio wataalamu waliosajiliwa waweze kuchanja baada ya mafunzo na chini ya usimamizi, na dozi ya kwanza nje ya majaribio ikatolewa tarehe 8 Desemba mwaka huo. Walipanua kundi la wachanjaji kwanza, kwa kuwa walijua wodi zao zilikuwa zimejaa wagonjwa. Hatuna haja ya kufika walikofika. Sisi tunao wastaafu wenye mikono iliyochanja kwa miaka 30, nao bado hawajaulizwa.

Hapa nyumbani tuna funzo letu pia. Chanjo ya UVIKO-19 ilipozinduliwa tarehe 28 Julai 2021, ilianza kutolewa kwenye vituo maalumu vilivyoteuliwa, na watu wengi wa vijijini hawakuvifikia. Ilipofika Septemba Serikali ikabadili mwendo kwa mpango shirikishi na harakishi uliopeleka chanjo vijijini na majumbani. Kuwafuata watu walipo kunahitaji watumishi wengi zaidi kuliko kuwasubiri, na idadi hiyo lazima ijulikane mapema.

Machi, wiki ya nne

Kikao na wauguzi wasimamizi wa wodi pamoja na wawakilishi wa watarajali. Naandika yaliyosemwa kwa sababu yalibadilisha mpango.

Muuguzi msimamizi wa wodi ya watoto, mama mwenye uzoefu mrefu kuliko sisi sote tuliokuwemo, alinisikiliza hadi mwisho kisha akaniambia: “Mwanangu, mimi sikatai watu wangu kwenda vijijini. Ninachotaka kujua ni usiku wa siku ya tisa baada ya kampeni nitakuwa na nani.” Nilimwomba afafanue. “Sista, kampeni ni siku nne tu,” mjumbe mmoja alisema. Akajibu kwamba chanjo ni siku nne, lakini homa zake haziji siku ya chanjo.

Alikuwa sahihi kabisa, na jambo hili halikuwa kwenye rasimu yetu. Chanjo ya surua ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na kati ya watoto ambao hawakuwa na kinga, asilimia 5 hadi 15 hupata homa kali kati ya siku ya 7 na ya 12 baada ya kuchanjwa. Baadhi huota vipele. Homa hiyo huisha yenyewe. Lakini mama wa Bahi au wa Chamwino hawezi kujua kama ni homa ya chanjo au malaria, na hapaswi kubahatisha. Atamleta mtoto, naye atahitaji kupimwa. Wakati huohuo, mazoea ni kwamba waliofanya kazi ya kampeni hupewa siku za mapumziko wiki inayofuata. Yaani wodi na chumba cha wagonjwa wa nje hupungukiwa na watu katika wiki ileile ambayo watoto wenye homa wanaongezeka.

Tumeongeza kwenye mpango safu mpya tuliyoiita wiki ya pili. Katika safu hiyo, tangu siku ya 7 hadi ya 12, idara ya watoto haitatoa mapumziko ya fidia. Mapumziko yatatolewa kati ya siku ya 2 na ya 6, au baada ya siku ya 13. Mtarajali wa ziada atahamishiwa kwa muda chumba cha wagonjwa wa nje, chini ya daktari wa watoto, na vipimo vya haraka vya malaria vitaagizwa kwa kuzingatia ongezeko hilo.

Mwakilishi wa watarajali, kijana mpole aliyeanza kwa kuwaamkia wakubwa wote shikamoo, alisema kwamba wenzake hawaogopi vumbi wala safari. Ombi lao lilikuwa waijue ratiba angalau wiki tatu kabla, wajue ni nani aliye juu yao kila zamu na namba yake ya simu, na posho inayowahusu isiwe jambo la kuulizia kila mwezi. Hilo la mwisho haliko ndani ya uwezo wa mradi, lakini nimeliandika kama lilivyosemwa. Mgomo wa madaktari wa mwaka 2012 nchini ulianza kwa watarajali waliodai posho zilizochelewa. Na Kenya, mwaka 2024, madaktari waligoma kwa zaidi ya siku 50 huku suala kuu likiwa ni ajira na malipo ya watarajali. Anayepanga huduma ya umma akamsahau kijana wa zamu ya usiku anaiweka huduma nzima mahali pabaya.

Aprili, wiki ya kwanza

Usimamizi. Tumesoma pamoja tukio la Kapoeta, Sudan Kusini, la mwaka 2017, ambapo watoto 15 walifariki wakati wa kampeni ya surua. Uchunguzi ulionyesha kwamba bomba moja la kuchanganyia chanjo lilitumika kwa siku zote nne, chanjo haikutunzwa kwenye ubaridi, na walioifanya kazi hawakuwa na sifa wala mafunzo, hata watoto walihusishwa. Chanjo yenyewe haikuwa na kasoro. Kilichokosekana ni mtu mwenye ujuzi wa kupita na kuona.

Kwa hiyo tumeweka msimamizi mmoja kwa kila timu tano, na hatakuwa mchanjaji kwa wakati huohuo. Orodha yake ya ukaguzi ni fupi makusudi. Chupa imechanganywa saa ngapi, na je, saa imeandikwa juu yake? Kichanganyio ni cha mtengenezaji yuleyule wa chanjo, na kilikuwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 kabla ya kuchanganywa? Bomba la kuchanganyia ni jipya kwa kila chupa? Alama ya joto kwenye chupa inasemaje? Adrenalini ipo, haijaisha muda, na mchanjaji anajua kwamba mtoto wa kilo 10 hupewa mililita 0.1 ya myeyusho wa 1 kwa 1,000 ndani ya msuli? Mzio mkali wa ghafla hutokea kwa takribani mtoto mmoja katika dozi milioni moja, na mchanjaji anaweza kustaafu bila kuuona, ila ukitokea hakuna muda wa kufungua kitabu.

Ni hapa ambapo daktari mdogo ana nafasi yake halali. Mezani kwa daktari wa zamu hospitalini kutakuwa na simu ya dharura ya kampeni, ikipokewa na mtarajali wa idara ya watoto akiwa na daktari aliyesajiliwa jirani yake, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Atapokea taarifa ya kila mtoto aliyepata tatizo, ataelekeza, ataandika, na akiona inafaa atatuma gari la wagonjwa. Anajifunza kazi ambayo ataihitaji maisha yake yote ya udaktari, na hatoki kwenye jengo ambalo wagonjwa wake wamelala.

Aprili, wiki ya tatu

Taka: kwa walengwa 2,000 tumepanga maboksi 25 ya usalama ya lita tano, kila moja likichukua mabomba yapatayo 100, na yarudi kituo cha afya chenye kichomea taka kila jioni. Hakuna la zaidi.

Mvua bado zinanyesha na zimetufundisha kuhusu tarehe. Mkoa wetu una msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili. Katika kipindi hicho makorongo ambayo kiangazi ni mchanga mtupu hujaa kwa saa chache na kukata barabara, mbuga ya Bahi hufurika, na ukiiacha lami ya Dodoma kwenda Kondoa ukaelekea Kwa Mtoro, gari linaweza kulala njiani. Chanjo iliyolala njiani bila barafu ya kubadilisha ni chanjo ya kutupa. Isitoshe, huo ndio wakati wa palizi, na mtoto wa miaka miwili yuko shambani mgongoni kwa dada yake. Tarehe ya kampeni ya kitaifa hatuipangi sisi, lakini mpango wetu sasa una njia mbili zilizoandikwa, ya kiangazi na ya masika. Ya masika inaongeza pikipiki, inapunguza idadi ya vitongoji kwa siku, na inadai wachanjaji zaidi. Tumeandika wazi kwamba njia ya masika haiwezi kutekelezwa kwa idadi ya watu ya kiangazi.

Mei, wiki ya pili

Tumepitia mpangilio wa saa vijijini. Chupa ya surua-rubela ikishachanganywa ina saa sita tu za kuishi. Timu inayofungua chupa saa nne asubuhi lazima iwe imeimaliza au kuitupa ifikapo saa kumi jioni, hata kama zimebaki dozi saba. Palipo na watu wengi, kama mnada wa Msalato siku ya Jumamosi au soko la mahindi la Kibaigwa, chupa moja haimalizi dakika arobaini. Kwenye kitongoji cha wafugaji chenye kaya tisa mambo ni tofauti, na hapo ndipo wachanjaji wengi huogopa kufungua chupa kwa ajili ya mtoto mmoja wakihofia kuulizwa kuhusu upotevu.

Tumeandika agizo kwa maneno yasiyo na pengo: katika kampeni hii chupa hufunguliwa hata kwa mtoto mmoja, na hakuna mtumishi atakayeandikiwa barua kwa dozi zilizomwagwa kwa sababu hiyo. Upotevu wa asilimia 10 tuliouweka ni wa wastani. Kata za wafugaji zimepangiwa zaidi, na kata za mjini pungufu. Mtoto wa kaya tisa anakaa mbali na kila kituo, na asipochanjwa siku hiyo yaelekea hatachanjwa mwaka huo.

Juni, wiki ya tatu

Juni ni Mwezi wa Afya na Lishe ya Mtoto, ambapo matone ya vitamini A hutolewa kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 na dawa za minyoo kuanzia miezi 12. Tuliomba ruhusa ya kuujaribu mpango katika kata moja kwa kuunganisha huduma hizo na huduma ya mkoba ya kawaida ya kuwafuata watoto waliokosa dozi ya pili ya surua. Ni kipimo kidogo, lakini kimepima jambo tulilotaka kulijua.

Zahanati zote mbili zilibaki wazi. Katika mojawapo mama mmoja alijifungua salama siku ya pili, mikononi mwa muuguzi ambaye kwa utaratibu wa zamani angekuwa chini ya mti kitongoji cha mbali akiandika kadi. Wauguzi wastaafu walifanya kazi bila kusukumwa, na mmoja wao alirekebisha upangaji wa meza ya timu yake kwa namna ambayo tumeiingiza kwenye mwongozo: mwandishi akae upande ambao mama anaingilia, na mchanjaji upande anaotokea, ili foleni isijikunje. Waandishi wanafunzi walikuwa wepesi, ila wawili walihitaji kuelekezwa tena namna ya kutofautisha dozi ya kwanza na ya pili kwenye fomu.

Simu ya dharura ilipigwa mara chache, na zote zilikuwa za maswali: mtoto mwenye mafua kidogo achanjwe? Ndiyo, achanjwe. Mtoto ambaye kadi imepotea? Achanjwe. Mtoto anayeonekana kuumwa sana? Apelekwe kituoni kwanza. Mtarajali aliyekuwa zamu ameomba majibu hayo yaandikwe kwenye karatasi moja igawiwe kwa timu zote, na tumefanya hivyo.

Kilichotusumbua ni muda. Kuongeza matone na dawa za minyoo kulirefusha muda wa kila mtoto, na kadirio letu la watoto 80 kwa siku haliwezi kubaki lilelile pale huduma zinapounganishwa. Tumelishusha hadi 60 kwa siku za aina hiyo. Kwa kata ya mfano ni wachanjaji 9 badala ya 7, na tumekwisha kutaja wawili hao wanatoka wapi.

Juni, wiki ya nne

Rasimu ya mwisho imekabidhiwa kwa mganga mkuu wa wilaya na mganga mfawidhi wa hospitali kwa pamoja, katika kikao kimoja, na ukurasa wa kwanza unahitaji saini zote mbili. Tumekataa kuutenganisha uwe wa chanjo na wa zamu.

Yaliyobaki ni matatu. Orodha ya wauguzi wastaafu ihakikiwe leseni zake kabla ya mwisho wa Agosti, kwa kuwa kuihuisha leseni kunachukua muda. Ratiba ya zamu ipitiwe upya mara kundi jipya la watarajali litakapopangiwa hospitali, kwa sababu hesabu ya watu watano kwa wodi inategemea idadi tutakayoletewa, na ikipungua itabidi mpango useme wazi ni huduma gani inapungua na nani ameridhia. Mwisho, safu ya wiki ya pili ijazwe majina halisi. Kwa sasa ina nafasi tupu sita za zamu ya usiku katika wodi ya watoto, siku ya 7 hadi ya 12, na muuguzi msimamizi amesema hatasaini hadi zijae. Kikao cha kuzijaza kimepangwa Jumatatu, saa tatu asubuhi, wodini kwake.